350 za nini?

Resipi za Kimarekani zinaandika “oka kwa 350” halafu kimya, kana kwamba dunia nzima inatumia Farenhaiti. Oveni ya Selsiasi mara nyingi inaishia 250 hivi! Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: unapata 177, basi weka 175 au 180. Ile njia ya mkato, toa 30 gawa kwa 2, ni ya hali ya hewa tu. Hapa inakupa 160, na kwa dakika zilezile keki inatoka mbichi katikati.

Halafu kuna wanaoambiwa “ongeza digrii 25”, nao wanatoa 32 tena. Jamani! Hiyo ni nyongeza: 25 mara 5, gawanya kwa 9, karibu 14.