Sanduku la maoni mlangoni kwa mkuu

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya wazazi miaka mitatu. Sanduku la maoni la shule lilitundikwa kando ya mlango wa mkuu, kwa hiyo mtoto aliyetaka kutumbukiza kikaratasi alionekana na kila anayeingia na kutoka ofisini. Tulipolifungua tulikuta vikaratasi vinne na ganda la pipi. Mwenyekiti akafurahi: shule yetu haina malalamiko.

Yalikuwepo. Yalihamia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, saa nne usiku.

Lakini sanduku ni dogo kuliko tatizo lenyewe. Mwalimu akimwita mtoto mjinga mbele ya wenzake siku ya Jumanne, hilo ni lalamiko lenye siku, mashahidi na mhusika wa kuitwa kikaoni. Sasa shule ambayo mtoto mzito kuelewa huchekwa darasani, na mwalimu naye anatabasamu, utamwita nani? Hiyo imeshakuwa tabia ya nyumba nzima. Tulichofanya sisi ni kuikata vipande: mama huyu kalalamikia kicheko, baba yule kalalamikia jina la utani, na kila kipande kikipimwa peke yake kinaonekana kidogo, kinafungwa.

Jioni moja, nikitafuta kumbukumbu za kikao cha ukarabati wa uzio (ambao haujaisha hadi leo), nilipekua daftari la malalamiko. Katika mihula miwili, wazazi watano wasiojuana walikuwa wamelalamika kwamba watoto wao wanaigizwa lafudhi. Wote watano walijibiwa maneno yaleyale: ni utani wa watoto. Na aliyewajibu ni mtu mmoja. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Ndiyo maana nasema daftari lile lisomwe lote kila muhula, na msomaji awe mtu asiyepangiwa kazi na mkuu wa shule. Zamani nilitaka vikaratasi visivyo na jina vichanwe. Nimebadilika. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kikaratasi cha namna hiyo, ila unaweza kukihesabu.

Walimu nao tuwatendee haki. Nimeona mwalimu akisikia tuhuma zake kutoka kwa mpishi, kabla ya barua yoyote kumfikia. Apewe tuhuma kwa maandishi, na siku ya kujibu. Mlalamikaji naye apewe jibu, hata liwe "tumechunguza, hatukuona kosa, na sababu ni hizi." Aliyenyamaziwa ndiye anayerudi kwenye kundi usiku.

Wanafunzi hatukuwa na hata mmoja kwenye kamati. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusema katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapimwe kwa umri na ukomavu wake. Sisi tulijadili kuchekwa kwao bila kumuuliza anayechekwa.

Mwaka wangu wa mwisho tulilihamishia sanduku kwenye korido ya maktaba. Mwezi haukuisha likajaa. Nusu ya vikaratasi vilihusu vyoo, vingine vilitaja lafudhi. Mwenyekiti akauliza kama hatuwezi kulirudisha pale mlangoni.