Ua Halinyonyi Maji

Mdogo wangu alipokaribia kujifungua, nilijitolea kumnunulia khanga za kwenda nazo hospitali. Nikaingia Kariakoo, nikachagua doti tatu kwa macho. Rangi zimekolea, majina yamenifurahisha, bei chini kuliko nilivyotegemea. Nikarudi nyumbani najisifu.

Asubuhi ya pili baada ya mdogo wangu kujifungua, mama akamwogesha mtoto, akachukua mojawapo ya zile khanga amkaushe. Maji yakawa yanahama tu, kutoka mgongoni kwenda begani, kutoka begani kwenda shingoni, kama mtu anayefuta meza kwa mfuko wa rambo. Mama hakusema neno. Aliikunja, akanirudishia, akatoa mkobani khanga yake kuukuu iliyopauka hata jina halisomeki. Mtoto akakauka kwa mpapaso mmoja.

Shangazi yangu ni fundi cherehani Temeke. Nilipomsimulia alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "We mtoto, ua halinyonyi maji," akasema. "Ulinunua ua. Uzi uliuangalia?"

Sikuuangalia, na sidhani niko peke yangu. Sisi watu wa pwani tunaweza kubishana saa nzima juu ya jina la khanga, nani kampiga nani kijembe, lakini kitambaa chenyewe kimetengenezwa na nini hatuulizi. Tumebaki na mazoea ya zamani kwamba khanga ni pamba, basi. Enzi hizo Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, kikifyatua khanga na vitenge, mazoea hayo hayakuwa na hasara. Leo pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa marobota, na dukani tunauziwa poliesta yenye maua ya khanga.

Shangazi alichomoa nyuzi mbili ukingoni mwa khanga yangu, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja kuukimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama punje ya pilipili manga. Akachomoa mwingine kwenye khanga yake ya kuvaa jikoni. Huo uliwaka kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukabaki majivu laini unayoyapuliza yakaisha. Tofauti yote ni hiyo. Poliesta ni plastiki, jamii moja na chupa ya maji ya kunywa. Pamba ikikaa tu kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Sasa vaa gauni la poliesta kwenye daladala mwezi wa pili, Dar, umesimama, uone jasho litakwenda wapi.

Kuna mtego, lakini. Yale madera na vijora laini vinavyomwagika vizuri mwilini, vingi ni viskosi, na viskosi nayo huungua kama karatasi, kwa sababu hutengenezwa kwa rojo la miti. Moto hautakwambia kitu hapo. Lowesha uzi kwa mate, uvute. Pamba ikilowa huongezeka nguvu, viskosi ikilowa hukatika kirahisi. Ndiyo maana dera lako linachakaa upesi ukilikamua kwa nguvu zile za kukamua shuka. Likamue kwa kulibonyeza, lianike. Ni kitambaa kizuri, mimi nakipenda, ila hakitaki ubabe.

Na msihadaike na ugumu wa khanga mpya. Ule ni wanga. Isugue kwa vidole: ukiona unga mweupe unadondoka, inyanyue juu uelekee jua. Kuna khanga ambazo zikishafuliwa mara moja zinabaki chandarua. Pamba nzuri nayo ina vituko vyake, hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Kitenge cha pamba kiloweshe na ukikaushe kabla hujampelekea fundi, la sivyo utamgombeza bure gauni likikubana Jumapili ya pili.

Sina ugomvi na poliesta. Sare za shule zenye mchanganyiko wa poliesta na pamba zimetuokoa wengi: hazijikunji, hazipauki haraka, zinakauka usiku mmoja, na mtoto mwenye shati moja anaenda shule kesho yake. Bitana nayo iwe poliesta, sawa kabisa. Ila pasi ya mkaa iwe mbali. Nimeshawahi kubandua kipande cha blauzi kwenye pasi kwa kisu. Wa mitumba wanaotafuta sweta la sufu, uzi wake ukiungua unanuka nywele, kama ilivyo kwa hariri. Kitani huku kwetu ni cha wenye subira ya kupiga pasi kila asubuhi.

Ninachogombana nacho ni bei ya pamba kwenye kitu kisicho pamba, na ule muhuri wa pindoni unaoapa kuwa ni pamba tupu. Muhuri unachapwa na mashine ile ile inayochapa maua.

Jumamosi iliyopita nilirudi Kariakoo, duka jingine. Nikamwomba muuzaji anichomolee uzi. "Dada, hii pamba mia kwa mia, si umeona imeandikwa?" Nikamwambia nimeona, nipe uzi. Tukatoka naye barazani, tukaazima kiberiti kwa muuza sigara. Ukajikunja, ukatoa moshi mweusi, ukaacha kidonge. Alikichukua akakibonyeza kwa kucha, akakibonyeza tena. Kisha akaingia ndani bila kunitazama, akaanza kuchomoa nyuzi kwenye doti za rafu ya pili.