Sikuvunja kobe wa watu, nilikula kilichokuwa tumboni mwake

Kwanza mwenzenu niseme: sikuvunja kitu. Ile sauti ya shoga yangu mnayotumiana tangu jana, eti nimevunja kijaluba cha kale cha watu huku Kyoto, Japani, ni uzushi mtupu. Kijaluba kizima, hakina hata mkwaruzo. Kilichotokea ni kibaya kuliko hicho, ndiyo maana nikamwacha azushe kutwa nzima kabla sijajitokeza.

Kijaluba chenyewe wanakiita kogo, hutiwa uvumba wa kufukizia chumba cha chai, kile ambamo Wajapani hukaribisha wageni kwa chai ya taratibu maalumu. Majira ya joto wanatumia vya mbao. Ikiingia Novemba, wakishafungua shimo la moto sakafuni, wanatoa vya udongo. Cha juzi kilikuwa kobe. Kama wale wa Changuu, ila huyu anaenea kiganjani, na gamba lake la kijani na njano ndilo kifuniko. Shoga yangu, anayejifunza chai mwaka wa tatu na haachi kutukumbusha, alinihubiria njia nzima: kobe hawa walitoka kusini mwa China, Wajapani wakawaita wa Kochi, na mwaka 1855 ikatolewa orodha ya kuvipanga vijaluba madaraja kama wacheza sumo, ile mieleka ya Kijapani. Kobe mkubwa wa Kochi akakaa kileleni upande wa mashariki wa orodha hiyo. Kwa hiyo vua pete. Vua saa. Vua bangili. Usimnyanyue juu, viwiko vibaki magotini.

Nikavua vyote. Kuhusu kilichomo ndani hakusema neno. Hilo nataka mlishike.

(Na mjue nilikuwa na njaa. Kumbe mkaa hupangwa kwanza, chakula baadaye. Nami asubuhi sikunywa hata chai, kwa sababu nilikuwa nakwenda kwenye chai.)

Basi. Mwenyeji kapanga mkaa, katia uvumba wake motoni, mgeni wa kwanza kaomba kobe azungushwe tumtazame. Tuko watano. Wa kwanza anafungua, anainama, anachungulia, anafunika. Wa pili vilevile. Shoga yangu naye vilevile. Nikawaza, watu hawa wana adabu, wanaachiana. Kobe akafika kwangu.

Nikafungua. Ndani jani bichi la kamelia, na juu ya jani kitonge kimoja cheusi, laini, kinang'aa, kadiri ya ubuyu mmoja. Sasa nyie mnaocheka, nisikilizeni: kwetu kahawa chungu huja na halua, na hapa pia kitamu huliwa kabla ya ile chai chungu. Nililijua hilo! Kimebaki kimoja, kimetandikiwa jani. Nikakichukua kwa vidole viwili, nikainamisha kichwa kushukuru, nikatia mdomoni.

Kwanza, asali. Nikasema naam.

Halafu uchachu wa tunda fulani.

Halafu karafuu. Mtoto wa Unguja nikatabasamu kabisa, nimefika nyumbani.

Halafu masizi.

Halafu kikapanda puani: udi. Udi, jamani! Mimi niliyefukizwa tangu arubaini yangu, mimi ambaye bibi yangu anaupika na sukari uani, na chumba kizima muda wote kilikuwa kinanukia hichohicho kilichokuwa mdomoni mwangu. Pua ilijua. Tumbo ndilo lililotangulia.

Kutema siwezi, mikeka ya watu. Kumeza nako, kimenata kwenye meno kama gundi. Nikamfunika kobe, nikampisha kwa bibi mmoja mzee aliyekaa mwisho. Akafungua. Akalitazama jani. Akalitazama tena. Kisha akainua macho taratibu mpaka mdomoni kwangu. Nikamchekea, na hapo ndipo nilipokosea, maana meno yote meusi. Akamfunika kobe polepole kama mtu anayemfunika mtoto shuka, akamrudisha.

Mwenyeji akaingia. Mgeni wa kwanza, kama desturi inavyotaka, akauliza: uvumba wetu wa leo ni upi?

Kabla mwenyeji hajajibu, yule bibi akasema kwa upole wote wa Kyoto: "Nadhani mgeni huyu ndiye atakayetueleza vizuri zaidi."

Mengine mafupi. Mwenyeji alicheka mpaka akajifunika uso kwa upepeo, nikaletewa maji, tukala, tukanywa, miguu ikafa ganzi, nikatoka kwa kutambaa. Kwenye treni shoga yangu akanipa pole yake: Clemenceau, yule waziri mkuu wa zamani wa Ufaransa, alikusanya kogo zaidi ya 3,000, leo ziko Montreal, na hajapata kusikia kwamba alilamba hata moja. Bibi yangu keshapiga simu. Aliuliza swali moja tu, kama ulikuwa udi mzuri.

Wakati wa kuaga mwenyeji alinitia mkononi kibahasha cha karatasi. Nikikipapasa, ndani kuna kama peremende mbili, na juu ameandika kwa brashi, herufi kubwa za kusomeka na mtoto: "Hiki kinaliwa."

Bado sijakifungua.