Anayechagua chuo cha udaktari aulizie wodi

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahsusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na matokeo yake ni mazuri kuliko yangu nilipomaliza mimi. Siku yalipotoka, mwezi wa Julai, nyumba yao ya Wete, Pemba, ilijaa watu tangu asubuhi, na mama yake alipika mikate ya kumimina akaigawa kwa majirani. Wiki chache baadaye nilifika nyumba ile ile nikamkuta kijana amelala chumbani mchana kweupe, hataki kula, kwa sababu awamu ya kwanza ya udahili imepita na jina lake halikutoka. Niliuliza ameomba vyuo vingapi, nikaambiwa kimoja, Muhimbili. Nilipouliza kwa nini kimoja, kaka yangu alinijibu kwa utulivu, kama mtu anayesema jambo lisilohitaji ushahidi: "Udaktari husomwa Muhimbili. Kama si hapo, bora asome kitu kingine."

Niliondoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka, na ninaiandika kwa sababu najua maneno yale hayasemwi Wete peke yake.

Nilimwamsha kijana nikamtaka anieleze siku ya kuomba ilikuwaje. Alikaa barazani na simu ya baba yake baada ya sala ya alasiri, na kila mkubwa aliyepita alitia neno lake. Mmoja alisema Mwanza ni mbali. Mwengine akasema Ifakara ni shamba. Wa tatu akamwambia kwamba chuo cha hapa hapa kwetu, SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ni cha waliokosa pa kwenda. Kwa muda wa robo saa, watu ambao hawajaingia chumba cha anatomia hata siku moja walimfutia mtoto vyuo vinne au vitano, na yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakubisha. Uamuzi wa miaka mitano ya masomo na mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, na baada ya hapo maisha yake yote, ulikwisha kabla ya magharibi.

Wala hakuna aliyemwambia kwamba tangu mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilipoacha kupokea maombi yote kwa mfumo mmoja na kuviachia vyuo vipokee wenyewe, mwombaji ana ruhusa ya kuomba vyuo vingi kadiri anavyoweza kulipia ada za maombi, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja ndipo anapothibitisha anachokitaka. Vilevile hakuna aliyemweleza kwamba kiwango cha chini kilichoandikwa katika kitabu cha mwongozo ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi hujazwa kuanzia juu, na mahali panapoombwa na nchi nzima, mwenye alama nzuri huachwa kwa sababu wapo wenye alama nzuri zaidi, pasi na kosa lolote alilolifanya. Kijana yule hakufeli chochote. Tumemfelisha sisi wakubwa, tuliomwelekeza mlango mmoja.

Lakini hata kama angechaguliwa, ningekuwa na ugomvi na namna alivyochagua, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wale waliokaa barazani aliyeuliza swali ambalo kwangu ni la kwanza: atakapofika mwaka wa tatu, atasimama katika wodi gani, na wenzake wangapi, mbele ya wagonjwa wa aina gani, na nani atakayemshika mkono?

Nitasema yaliyonifika mimi nilipokuwa nasomea udaktari. Mwaka wa tatu ndio mwanafunzi anapotoka darasani na kuingia kwa wagonjwa, na mimi niliingia katika hospitali kubwa yenye sifa kubwa, ambayo sitaitaja. Kundi letu lilikuwa la watu ishirini na moja. Tulizunguka kitanda cha mtoto wa kiume wa miaka kama minane, bingwa akawa anazungumza kwa sauti ya chini, na mimi niliye mfupi nilikuwa nyuma kabisa, sioni kitu ila migongo ya makoti meupe. Mtoto alikuwa na bandama iliyovimba. Waliokuwa mbele waliigusa, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha mama yake akamfunika shuka kwa sababu mwanawe alikuwa analia, na alikuwa na haki ya kumfunika. Niliandika katika daftari langu kwamba bandama imevimba kiasi cha vidole vinne chini ya mbavu. Sikuigusa. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka swali la bandama lilikuja, nikalijibu, na nikalipata.

Mwaka uliofuata tulipelekwa hospitali ndogo ya wilaya, wanafunzi wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja. Palikuwa na daktari msaidizi mtu mzima, karibu na kustaafu, ambaye kila asubuhi alitukabidhi wagonjwa wetu na kutaka tumweleze habari zao kabla yeye hajawaona. Siku ya tatu aliniona ninavyobonyeza tumbo la mtoto kwa haraka na kwa nguvu. Aliushika mkono wangu akauweka chini kabisa, upande wa kulia karibu na nyonga, akaniambia: "Usiitafute kwa kubonyeza. Weka mkono, tulia, mwambie avute pumzi, itakuja yenyewe." Mtoto akavuta pumzi, mimi nikasogeza mkono juu kidogo, akavuta tena, na mara ya nne au ya tano kitu kigumu chenye ukingo mviringo kiliteremka kikagusa ncha za vidole vyangu. Miaka mingi imepita na mkono huu bado unakumbuka.

Ujuzi ule haukutoka katika jina la chuo. Ulitoka katika kuwa wawili, si ishirini na moja, na katika kumpata mtu aliyekuwa na dakika tano za kunitazama ninavyofanya kazi. Ndiyo maana nikisikia mzazi anauliza chuo kipi kina sifa, natamani aulize kwanza mambo ambayo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne anaweza kumjibu kwa simu: mnazunguka kitanda wangapi, mnapewa wagonjwa wenu wa kuwachukulia maelezo au mnatazama tu, umeshazalisha mara ngapi, mabingwa wanakuja wodini siku ngapi kwa wiki, na usiku wa zamu mnaruhusiwa kukaa.

Muhimbili ni chuo kikubwa, nakubali. Udaktari unafundishwa pale tangu mwaka 1963, mabingwa wake ni wengi, na taasisi za moyo na za mifupa ziko uwanja huo huo. Aliyeipata nafasi ile aishike kwa mikono miwili. Hata hivyo hospitali ya taifa hupokea zaidi wagonjwa walioshindikana kwengine, wakiwa wameshapita mikononi mwa watu watatu au wanne, na mwanafunzi anahitaji pia kumwona mgonjwa siku ya kwanza, akiwa na homa tu, kabla mtu yeyote hajaandika jina la ugonjwa kwenye faili.

Na hiyo Mwanza iliyosemwa ni mbali? Bugando, hospitali ya rufaa ya huko, imekuwa ikipokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971, na katika wodi zake za watoto mwanafunzi atakutana na seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, mpaka aijue kama anavyoijua njia ya kwao. Atakutana na kichocho cha utumbo, kile kinachoharibu ini na kuvimbisha bandama, na akirudi Pemba atakikuta chetu cha kibofu, kinachomfanya mtoto akojoe damu, akavijua vyote viwili kwa macho yake. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ambayo nayo ilifunguliwa mwaka 1971, ina kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na aliyewahi kufanya kazi katika hospitali zetu anajua ni wagonjwa wangapi wanaokuja na ngozi na hakuna wa kuwatazama ipasavyo. Hiyo Ifakara inayoitwa shamba iko katika bonde la Kilombero, ambako malaria imefundishwa na kutafitiwa kwa miaka mingi, na mwanafunzi pale anakaa karibu na wagonjwa wake. Dodoma ina hospitali mpya ya Benjamin Mkapa. Mbeya nako kuna hospitali ya rufaa na chuo chake. Sisemi kwamba zote ni sawa. Nasema kwamba aliyezifuta zote kwa robo saa hakuwa amezijua.

Kuhusu SUZA naomba nisikilizwe, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mafunzo ya udaktari visiwani mwetu yalianzishwa kwa mkono wa walimu wa Cuba, kutoka Chuo Kikuu cha Matanzas, waliokuja kukaa nasi na kuwafundisha vijana wetu mbele ya wagonjwa wetu. Tumepokea madaktari wa Kichina tangu mwaka 1964 na tunawashukuru, lakini nimesimama mara nyingi kati ya daktari mgeni na bibi wa Micheweni nikitafuta namna ya kulifikisha neno moja. Bibi anasema ana chango. Mwengine anasema ngiri imempanda. Wa tatu anasema mtoto ana safura. Kila neno kati ya hayo lina magonjwa matatu au manne ndani yake, na daktari anayelijua anaendelea kuuliza: chango la kabla ya siku zako au la kila siku, linakwenda mgongoni, unatoa maji? Asiyelijua anaandika "maumivu ya tumbo" na kumpa dawa ya minyoo. Mwanafunzi wa SUZA anayesomea hospitali ya Mnazi Mmoja hujifunza kuuliza hivyo tangu siku ya kwanza, bila ya mkalimani, na mimi sioni vipi jambo hilo limegeuka kuwa aibu ya waliokosa pa kwenda. Vifaa vinaweza kuwa vichache na mabingwa hawatoshi, hilo nalijua kuliko wanaolisema barazani, kwa sababu nafanya kazi humo. Lakini nani atakayekuja kukijenga chuo cha nyumbani ikiwa kila mtoto mwenye alama nzuri anafundishwa kukikwepa?

Kwenda nje ya nchi sikukatazi, ila mzazi asidanganywe na wakala mwenye picha za majengo marefu. Mwezi wa Februari 2022 wanafunzi wetu walikimbia Ukraine, na mwezi wa Aprili 2023 vita vikawakuta wengine Khartoum, mahali ambapo vijana wa Zanzibar wamekuwa wakienda kusoma kwa miaka mingi. Waliokuwa wakisoma China walifungiwa nje ya mipaka yake kuanzia mwaka 2020 kwa zaidi ya miaka miwili, wakawa wanasoma udaktari kwa simu, na hakuna simu inayofundisha kugusa tumbo la mtoto. Vita na maradhi havitabiriki, lakini kuuliza kama TCU inakitambua chuo hicho, na kama mwanafunzi asiyejua lugha ya huko ataweza kuzungumza na mgonjwa wodini, kunawezekana kabla ya kuuza shamba la karafuu.

Fedha ni jambo zito nami silidharau. Vyuo binafsi vina ada kubwa, na mkopo, uwe wa Bodi ya hapa Zanzibar au wa ile ya Muungano, haumalizi kila kitu. Hesabu hiyo ifanywe mapema, wazi, mbele ya mtoto. Na wale wanaosema msichana asivuke bahari kwenda kusoma, mimi nilivuka, na leo wake zao wanaomba wapangiwe siku ambayo niko zamu.

Jumapili iliyopita tulikaa tena katika baraza ile ile, mimi, kaka yangu na kijana. Nilimpigia simu msichana mmoja wa Chake Chake ambaye yuko mwaka wa nne katika chuo kimojawapo cha bara, nikaiweka simu juu ya mkeka sote tusikie. Kijana hakutaka kusema mwanzo. Kisha akauliza, "Dada, ushawahi kumzalisha mtu?" Msichana akacheka, akasema usiku wa kuamkia jana amezaliwa mtoto wa kumi na moja mikononi mwake, na mkunga aliyesimama naye hakuugusa mkono wake hata mara moja. Kijana aliinuka akaenda kuleta daftari.

Kaka yangu alikuwa kimya muda wote. Wakati tunataka kuagana na yule msichana aliisogelea simu, akamwamkua kwa kumwita "mwanangu", na akamuuliza huko waliko wanakula nini. Alijibiwa wali na maharage, na samaki siku wanapopatikana. Akanyamaza kidogo. Kisha akamwambia mwanawe amsomee tena ile orodha ya vyuo vyenye nafasi katika awamu ya pili, kimoja kimoja, na asiruke hata kimoja.