Mionzi na moyo, tusitishane
Habari hii imeeleza vizuri picha ya moyo ya nyuklia, yaani unachomwa dawa yenye mionzi kidogo halafu mashine inapiga picha ya moyo, ila naona wachangiaji hapa mshaanza kutishana eti ukichomwa ile dawa usishike mtoto mwezi mzima, jamani tulieni. Inayotumika sana ni yenye teknesiamu 99m, nguvu ya mionzi yake inashuka nusu kila baada ya masaa 6, na nyingine unaikojoa ndo maana unaambiwa kunywa maji mengi. Mjamzito au anayenyonyesha ndo aseme mapema.

Mi nilitaka mwandishi agusie zaidi wamama wanaotibiwa kwa mionzi saratani ya titi la kushoto, maana moyo uko hapo hapo nyuma ya mbavu. Shangazi yangu wa Kongwa alipokuwa anapigwa mionzi aliambiwa avute pumzi aibane wakati mashine inafanya kazi, kusimulia nyumbani watu wakajua ni maombi 😂 kumbe mapafu yakijaa moyo unasogea mbali na mionzi. Na shida ya moyo inaweza kuja hata miaka 10 baadae, kwa hiyo ukienda kliniki ya presha mwambie daktari ulishapigwa mionzi kifuani, usinyamaze kisa ni zamani.

Halafu wanaosema siku hizi treni ya SGR ipo, kwenda Dar kutibiwa ni kugusa tu, tiba ya mionzi yenyewe mara nyingi ni Jumatatu mpaka Ijumaa wiki kadhaa mfululizo, sasa nauli ya treni sawa umepata, utalala kwa nani muda wote huo?