Mikopo ipo, mafunzo yapo, korosho ya kubangua iko wapi?

Anayetaka kuanzisha kiwanda kidogo Mtwara au Lindi hakosi mlango wa kubisha. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi katika mikoa yote miwili. TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, wapo kwa upande wa wafanyabiashara. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na juu ya hao kuna vyama vikuu vya ushirika: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani.

Kinachonisumbua ni kwamba vikundi vingi vinavyozaliwa kwa msaada huo hubaki na ukubwa uleule wa mwaka wa kwanza. Nachukua mfano wa ubanguaji wa korosho, kwa kuwa ndiyo biashara ambayo kwa akili ya kawaida ingepaswa kustawi hapa kuliko popote nchini. Malighafi imetuzunguka, na bado sehemu kubwa ya korosho yetu inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko.

Tuanze na haki ya kila mtu. Katika kuanzisha biashara, taasisi hizi zinafanya kazi ya maana, na wanaosema zipo kwa ajili ya semina tu hawazitendei haki. Mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO hupewa barua ya kumtambulisha TBS, shirika la viwango, na kwa miaka 3 ya mwanzo anaweza kupata nembo ya ubora bila kulipia. Hilo si jambo dogo. Pale Mnazi Mmoja ya Mingoyo, kwenye njia panda ya kwenda Masasi, korosho inauzwa dirishani mwa basi kwa bei ya kubishana mpaka gari linaondoka. Korosho hiyohiyo ikiwa kwenye kifungashio kizuri chenye nembo na tarehe inaweza kukaa kwenye rafu ya duka Dar es Salaam, na mwenye nayo akapanga bei yake mwenyewe. Umbali kati ya dirisha la basi na rafu ya duka ni mafunzo, barua na mkopo mdogo, na taasisi zetu zinajua kumvusha mtu hapo.

Shida inaanza akishavuka.

Ukiingia kwenye kikundi cha ubanguaji utaona kazi yenyewe ilivyo. Korosho ghafi inachemshwa au kupigwa mvuke ili ganda lilegee, inaachwa ipoe, kisha mbanguaji anakaa kwenye mashine ya mkono na mguu: anaweka moja, anakanyaga, anapasua, anachokoa. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, kwa hiyo mikono inapakwa majivu au mafuta ya kula. Baada ya hapo inakaushwa, inamenywa ngozi ya ndani kwa kisu kidogo, halafu inachambuliwa: nyeupe nzima huku, zilizoungua kule, vipande pembeni. Anayechambua ana jicho la ajabu. Lakini ghala lenye magunia likibaki tupu, jicho hilo linakaa bure, na kwenye vikundi vingi ghala huwa tupu muda mrefu kuliko linavyokuwa na mzigo.

Sababu ni hesabu. Kilo moja ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, hutoka kwenye kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi. Katika mnada wa kwanza wa TANECU wa msimu wa 2024/25, bei ya juu ilikuwa shilingi 4,120 kwa kilo na ya chini 4,035. Maana yake malighafi peke yake, kabla ya kuni, umeme, vibarua na kifungashio, inakula shilingi 16,000 hadi 20,000 kwa kila kilo utakayouza. Kikundi kinachotaka kubangua kilo 50 kwa siku, siku 200 za mwaka, kinahitaji tani 10, ambazo kwa bei ya shilingi 4,000 ni milioni 40. Na minada inafanyika ndani ya miezi michache kuanzia Oktoba. Ukishindwa kununua wakati huo, msimu umekupita. Mnunuzi anayesafirisha nje anakuja na fedha za kubeba mamia ya tani, anapakia bandarini na kuondoka. Mama wa kikundi anatakiwa awe na fedha za mwaka mzima ndani ya miezi hiyohiyo.

Hapa mkopo wa halmashauri unagonga mwamba. Kwenye wilaya za korosho, sehemu kubwa ya mapato ya ndani inatokana na ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei, na ushuru huo unalipwa korosho inapouzwa. Fedha za kukopesha zinapatikana kwa wingi pale ambapo mzigo umeshatoka ghalani. Kikundi kinapokuja kupewa mkopo, wenye korosho wameshauza. Ongeza kwamba mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, ikarudi 2024. Sipingi kusimamishwa kule, fedha ya umma lazima ilindwe. Ila aliyekuwa analipa vizuri alipoteza msimu sawasawa na yule ambaye hakuwahi kurejesha hata shilingi.

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: waruhusuni wabanguaji wadogo wanunue moja kwa moja kwa mkulima, wakati wowote, bila mnada. Siungi mkono. Kabla ya stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kukusanya korosho ghalani na kuuziwa kwa mnada, kuanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima mwenye njaa ya mwezi wa Julai alikuwa hana pa kukimbilia ila kwa kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, anauza maua yangali mtini kwa bei ya kutupa. Kangomba hajafa hata leo, anasubiri mwanya. Ukifungua mlango kwa jina la mbanguaji mdogo, atakayepita wa kwanza ni yeye, na kitambulisho cha kikundi mkononi. Shilingi 4,000 inayomuumiza mbanguaji ndiyo bati la mkulima na ada ya mtoto wake. Viwanda visijengwe kwa kumpunja huyu.

Wengine wanaona jibu ni viwanda vikubwa. Bodi ya Korosho ina eneo la kongani ya viwanda, yaani viwanda vilivyokusanywa pamoja, huko Maranje mkoani Mtwara, na TANECU wenyewe wamejenga kiwanda cha kubangua Newala. Nafurahi kuona ushirika ukimiliki kiwanda, kwa sababu faida ya ubanguaji inaweza kumrudia mwanachama. Lakini tumewahi kupita njia ya majengo makubwa. Viwanda vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilikamilika wakati uzalishaji unaporomoka: kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Mashine zilikuwepo, korosho hazikuwepo, na baadhi ya majengo yaliishia kuwa maghala. Leo tatizo limegeuka. Korosho ipo tele, zaidi ya tani 520,000 nchini kote msimu wa 2024/25, ila haifiki kwenye mashine zilizopo.

Wabanguaji wa ndani wamewahi kupewa nafasi ya kununua kabla ya wanunuzi wa nje. Ni nia njema, lakini kutangulia kwenye foleni hakumsaidii asiye na fedha ya kulipa kwa mkupuo. Anachohitaji ni mzigo uliotunzwa kwa jina lake, auchukue kidogo kidogo na kulipa kadiri anavyouza.

Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ya vyama vikuu. Vina maghala, vina rekodi, vinajua nani ni mbanguaji kweli na nani kangomba aliyebadili shati. Chama kinaweza kutenga tani chache za kila mnada kwa vikundi vilivyothibitishwa na SIDO, kwa bei ileile iliyoshinda siku hiyo, bila punguzo. Mkulima alipwe kwa wakati kama wengine wote, na fedha ya kumlipa itoke kwenye asilimia 10 ya halmashauri, ile iliyokusanywa msimu uliopita na kuwekwa tayari kabla ya Oktoba. Kikundi kinapewa korosho, hakishiki fedha, na kikundi hewa kitapata tabu kutoroka na magunia yaliyo ghalani kwa chama.

Pingamizi zipo, na si za kupuuza. Korosho ikikaa ghalani miezi 8 inapungua uzito, inaweza kuota ukungu, na gharama ya kuhifadhi lazima ilipwe na mtu. Bei ya korosho karanga ikishuka katikati ya mwaka, kikundi kinaweza kukimbia mzigo wake. Na chama chenye kiwanda chake kina sababu ya kutomtaka mshindani mdogo. Kwa hiyo gharama ya ghala ijumlishwe kwenye bei anayolipa mbanguaji, kikundi kiweke amana ya sehemu ya mzigo kabla haujatengwa, na uamuzi wa nani apewe usiachwe kwa bodi ya chama peke yake. SIDO na halmashauri wakae meza hiyo, na orodha ibandikwe kwenye mbao za AMCOS, vyama vya msingi vya wakulima.

Asilimia 1 tu ya korosho ya msimu wa 2024/25 ingekuwa zaidi ya tani 5,000. Kwa tani 10 kwa kikundi, hivyo ni vikundi zaidi ya 500 vyenye kazi mwaka mzima. Ajenda ya kutenga kiasi hicho inaweza kupelekwa kwenye mikutano ya wanachama kabla ghala hazijafunguliwa Oktoba, na wenye kuipigia kura ni wakulima wenyewe, ambao wengi wana mke, dada au binti kwenye kikundi cha ubanguaji.