Usiniambie Wati, Nionyeshe Spika

Kuna kibandiko kinanikera kuliko vyote vinavyobandikwa kwenye vyombo vya muziki: kile cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa "1000W". Juzi kijana anayepiga besi kwenye kwaya yetu kaja nacho, kimebandikwa usoni mwa kombo ya besi (amplifaya na spika ndani ya boksi moja) aliyoinunua Kariakoo kwa pesa ya vibarua vya miezi kadhaa. Muuzaji alimwambia, "Bosi wangu, hii wati elfu, hata uwanja wa mpira unajaza." Tukaichomeka. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiupiga taratibu, inaitika vizuri tu. Ukifungua volyumu kufika nusu, spika inaanza kukoroma, na mpiga kinanda akiingia na mkono wake wa kushoto, besi haipo tena. Kijana akaniuliza, "Kaka, au gitaa langu ndio bovu?" Gitaa lake zima kabisa. Ameuziwa namba.

Tuzungumze basi kuhusu hiyo namba, kwa sababu inawaumiza vijana wengi na wauzaji wanajua wanachofanya.

Sote tumekulia kwenye nyumba zenye sabufa ya sebuleni iliyoandikwa PMPO, eti nguvu ya juu kabisa ya muziki, ya maelfu. PMPO haina kipimo chochote kinachokubalika. Kila kiwanda hujiandikia kinavyotaka. Wati zenye maana ni zile ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila kupasua sauti, zile zinazoandikwa RMS kwenye karatasi za watengenezaji wanaojiheshimu. Na kuna njia ya kumbana muuzaji hapohapo dukani. Geuza amplifaya nyuma, tafuta kibao kidogo karibu na tundu la waya wa umeme, soma inakula wati ngapi. Ya kijana wetu imeandikwa 80. Hakuna mashine duniani inayokula wati 80 ikatoa 1000 mfululizo. Najua, viwanda vingine vya maana hupima ulaji kwa matumizi ya wastani wakati muziki unapigwa, kwa hiyo unaweza kukuta kibao kinasema kidogo kuliko uwezo halisi. Sawa. Lakini tofauti ya mara kumi na mbili haielezeki kwa wastani wowote. Huo ni uongo uliochapishwa kwa wino wa dhahabu.

Haya, tuseme wati ni za kweli. Bado zinakudanganya, kwa sababu sikio halihesabu jinsi mfuko wako unavyohesabu. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Utasikia tofauti, lakini mpiga dramu hatageuka kukutazama. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, na desibeli 10 maana yake ni wati mara kumi. Yaani kutoka wati 40 kwenda kitu ambacho sikio litakiita "mara mbili yake" unahitaji wati 400. Sasa fikiria mtu anayejinyima chakula cha mchana ili aongeze pesa atoke wati 40 aende wati 60.

Wakati huohuo spika inakaa palepale mbele ya macho na hakuna anayeiuliza chochote. Kila spika ina kipimo chake: ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Chukua spika ya desibeli 92 na uipe wati 100. Utapata kama desibeli 112. Chukua nyingine ya desibeli 98 uipe wati 25. Utapata 112 ileile. Wati robo, sauti sawa. Kununua amplifaya ya besi kwa kusoma wati peke yake ni kama kununua gari kwa kusoma namba ya mwisho kwenye spidomita.

Na hili si jambo jipya. Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, mwaka uliofuata alilitolea amplifaya yake, Bassman, yenye spika moja ya inchi 15 na wati zisizofika 30. Mwaka 1960 Ampeg wakatoa Portaflex B-15, nayo spika moja ya inchi 15, wati 25 hivi, baadaye 30. James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia B-15 kwenye klabu ndogo. Wati 25! Kwenye klabu, na watu wanacheza! Iliwezekana kwa sababu spika ilikuwa kubwa na yenye kazi, na boksi lilikuwa limejengwa kwa akili. Leo mtu akisikia wati 25 anacheka, halafu anakwenda kununua kiboksi cha inchi 8 kwa sababu ya kibandiko.

Spika ina sheria ambayo hakuna tangazo litakaloivunja: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa wati chache, utapata mawili, la tatu utalikosa. Uzi wa E ukiwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Kombo ndogo haitoi hiyo 41 kwa nguvu yoyote ya maana. Inatoa 82, inatoa 123, yaani mara mbili na mara tatu yake, na sikio lako linajazia yenyewe kile kilichokosekana. Ndiyo maana kombo nzuri ya inchi 10 inaweza kusikika nene kuliko umbo lake, na mtengenezaji mwaminifu huikata ile ya chini kabisa kwa makusudi ili spika isiumie. Ile ya kijana wetu inajaribu kutoa kila kitu, na matokeo yake ndiyo huko kukoroma.

Nakubali, shingo upande, kwamba wati zina kazi yake. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo besi inahitaji nguvu nyingi kuliko gitaa la solo ili visikike sawa. Mpiga solo mwenye wati 20 za taa za valvu anaweza kukufunika wewe mwenye 60, na hana kosa lolote. Na mpiga dramu anayepiga kwa fimbo, si kwa brashi, atakumeza ukiwa na wati 40 na spika ya inchi 10 ndani ya ukumbi uliojaa. Hapo wati 100 za kweli na spika ya inchi 12 ndipo pa kuanzia. Nasema za kweli.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini kwa ajili ya nyumbani na kazi ndogondogo, hoteli za ufukweni, send-off, ibada ya Jumapili, huwa namwambia: inchi 10 au 12, wati 40 hadi 100 zilizoandikwa na mtu anayejiheshimu, tundu la XLR nyuma (lile la pini tatu la kutolea sauti), na uzito unaobebeka kwa mkono mmoja. Fender Rumble 40 ina inchi 10 na kilo 8 hivi. Rumble 100 ina inchi 12 na kilo 10 hivi. Ampeg nao wana RB-110 ya wati 50 na RB-112 ya wati 100. Sijalipwa na yeyote kati yao. Ni majina ambayo ukiyakuta yametumika na yako salama, chukua. Kilo 10 unaziweka katikati yako na bodaboda, gitaa mgongoni, na unafika ukumbini mikono haitetemeki. Waliowahi kushusha boksi la inchi 15 kutoka ghorofa ya tatu wanaelewa kwa nini jambo hili naliandika mapema.

Hilo tundu la XLR ndilo linalokuokoa pale ambapo kombo haitoshi. Unatoa waya, unampa fundi mitambo, naye anakuingiza kwenye mikisa. Spika kubwa za ukumbi zinawafikishia watu besi, kombo yako inabaki ya kukusikilizisha wewe na mpiga dramu. Huyohuyo Jamerson, studio ya Motown ilimchomeka moja kwa moja kwenye mikisa, bila amplifaya. Ukilielewa hili, wati elfu zinakosa kazi kabisa. Muhimu ni kitu kimoja: hakikisha tundu hilo ni la kutoa, na kama kuna kitufe cha kuchagua sauti itoke kabla au baada ya nobu zako, chagua kabla, ili ukijirekebishia jukwaani usimharibie kazi huko nyuma.

Nyumbani ni habari nyingine. Vijana wengi wananunua kombo, wanaiweka kwenye kona ya chumba, wanalalamika kuwa "inavuma". Chumba chenye urefu wa mita 4 kina sauti yake kinachoipenda: kama mitetemo 43 kwa sekunde. Piga F, freti ya kwanza kwenye uzi wa E. Ndiyo hiyo. Itavuma hadi vikombe viimbe kabatini, halafu ukienda A inakuwa kawaida, na wewe unaanza kumlaumu mtengenezaji. Toa kombo kwenye kona. Ipandishe kwenye stuli, iwe karibu na masikio yako. Punguza nobu ya besi, usiguse ya mid, ile ya sauti za kati. Kisha sogea wewe mwenyewe hatua moja nyuma, hatua moja mbele, usikilize F ikibadilika. Amplifaya haijabadilika, wewe ndiye umehama mahali.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga, tundu la hedifoni ni lazima. Sauti za chini hupenya ukuta. Ndiyo maana sabufa ya jirani unaisikia bila kujua wimbo gani unapigwa. Tafuta pia tundu la kuchomeka simu, upige pamoja na rekodi za bendi kama Msondo au Sikinde usiku kucha bila kugombana na mtu. Huko ndiko besi hujifunzwa.

Kombo ya gitaa la solo msiitumie kwa besi, jamani. Koni yake, lile karatasi la spika linalotikisika, haikutengenezwa kwenda mbele na nyuma umbali ambao besi inadai. Kwa sauti ya chumbani itavumilia. Kwenye mkesha itapasuka.

Na kuna jambo ambalo naomba tulisikilize kwa makini. Ule mguu wa tatu kwenye plagi, wa waya wa ardhi, usiukwepe kwa adapta ya miguu miwili eti kwa sababu amplifaya inanguruma. Nyuzi zako zimeunganishwa na chasi ya amplifaya. Chasi ikipata hitilafu na ardhi haipo, siku utakapoweka midomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na mikisa ya upande mwingine wa ukumbi, umeme utapita kwako. Watu hufa hivyo. Kama inanguruma, tafuta soketi moja inayolisha amplifaya na mikisa pamoja, au mwite fundi umeme. Na aliyeletewa amplifaya na ndugu kutoka Marekani, asome kwanza nyuma: ya volti 120 ikichomekwa kwenye 230 zetu bila transfoma ya kupunguza, mara nyingi safari yake inaishia hapo.

Mpya au ya zamani? Mpya nyingi zimetumia teknolojia ya klasi D, ndiyo maana ni nyepesi, na mgongo wangu unaishukuru. Lakini ikiungua, bodi yake ina vipande vidogo mno, na mafundi wengi mitaani watakurudishia mikono mitupu. Ya zamani yenye transfoma nzito na transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupozea, fundi mzuri anaifufua mchana mmoja. Kama unaishi mbali na mji mkubwa, uzito huo una faida yake.

Ukinunua iliyotumika, toa jalada la mbele kama linatoka, tandaza vidole vyako kuzunguka katikati ya koni, uisukume ndani polepole kwa usawa. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, koili imeungua au imepinda. Ama bei ishuke kwa thamani ya spika mpya, ama uondoke.

Dukani nenda na gitaa lako mwenyewe, limeshatyuniwa, na rafiki anayeweza kupiga hata noti nne. Weka nobu zote katikati, zima vikolombwezo vyote. Mpe rafiki apige E, F, G na A, pole pole, wakati wewe umesimama hatua kadhaa mbele ya spika, maana ukisimama juu yake sauti inaifikia miguu yako tu. Panda na volyumu kidogo kidogo mpaka inapoanza kukoroma. Kumbuka mahali nobu ilipofika, kisha rudi nyuma kidogo: hiyo ndiyo sauti yote unayonunua, hata kibandiko kiseme nini. Muuzaji akikwambia huruhusiwi kuipandisha, asante na kwaheri, duka la jirani lipo.